Mto kwanza, nyumba baadaye: Toronto na vita vya kuwania ufuo wa ziwa

Julai 2025, jiji la Toronto nchini Kanada lilifungua bustani kubwa ya umma iitwayo Biidaasige, mahali ambapo mto Don unaingia katika Ziwa Ontario. Ajabu ya bustani hiyo ni kwamba haikuwa na majirani. Kisiwa inakopatikana hakikuwa na hata familia moja iliyokwisha kuhamia. Madaraja yalikuwa yamewekwa, miti na matete yamepandwa, na mto wenyewe umechimbiwa njia mpya. Takriban watu 15,000 wanaotarajiwa kuishi hapo walikuwa bado ni tarakimu katika makaratasi ya wapangaji wa mji.

Katika miji mingi duniani mambo huenda kinyume cha hivyo. Nyumba hujengwa kwanza, kisha kipande kilichobaki, aghalabu kile chenye bonde au jabali ambacho hakuna aliyekitaka, huitwa bustani ikiwa hakijanyakuliwa. Wakenya hawahitaji kusimuliwa hadithi hiyo. Toronto nayo iliipitia kwa miongo mingi, tena katika ufuo huu huu wa ziwa.

Kwamba safari hii mpangilio umegeuzwa si hisani ya wanasiasa. Ni tunda la mabishano ya zaidi ya miaka 35 baina ya wananchi na serikali zao, mabishano ambayo hayajaisha. Na kilomita chache tu upande wa magharibi, katika ufuo wa ziwa hilo hilo, wananchi wa jiji hilo hilo wameshindwa vibaya. Anayetaka kujua ni lini maoni ya umma huwa na nguvu, na ni lini huwa ni kupoteza wakati, hana budi kuyatazama maeneo hayo mawili kwa pamoja.

Hapo kale, mto Don ulimwaga maji yake katika kinamasi cha Ashbridge's Bay, ardhi oevu iliyojaa matete, samaki na ndege. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, kinamasi hicho kilikuwa kimegeuzwa jaa. Maji taka ya jiji yaliishia humo, na kadhalika mbolea kutoka katika mazizi ya ng'ombe waliolishwa mabaki ya kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu. Tume ya Bandari ya Toronto, iliyoundwa mwaka 1911, ilitoa mpango mwaka 1912 wa kukifukia kinamasi chote na kukifanya eneo la viwanda na gati za meli.

Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii. Zaidi ya hekta 300 za ardhi mpya zilipatikana, zikaitwa Port Lands. Mto wenyewe ulilazimishwa kukata kona kali, mithili ya askari anayegeuka kwa amri ya gwaride, na kuingia katika mfereji wa zege ulioitwa Keating kabla ya kulifikia ziwa. Hata hivyo, viwanda vingi vilivyotarajiwa havikuja. Badala yake yalikuja matangi ya mafuta, marundo ya makaa ya mawe na milima ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Udongo ukalowa sumu na wananchi wakasahau kwamba jiji lao lilikuwa na ziwa upande huo.

Lakini maji hayakusahau njia yake. Oktoba 1954, kimbunga kilichopewa jina Hazel kiliishukia Toronto kwa mvua ya zaidi ya milimita 200, na watu 81 wakafariki katika jimbo la Ontario. Walioathirika zaidi walikuwa kando ya mto Humber, magharibi mwa jiji, ambako barabara moja tu, Raymore Drive, ilipoteza wakazi 35 kwa usiku mmoja. Tangu siku hiyo sheria ikakataza ujenzi wa makazi katika mabonde yanayoweza kufurika. Mafuriko ya Hazel yakawa ndiyo kipimo: yeyote anayetaka kujenga sharti athibitishe kwamba mvua kama ile ikirudi, watu hawatakufa.

Kwa sababu hiyo, Port Lands haikuweza kuwa makazi. Kona ile ya zege ingezuia maji ya mto na kuyasukuma hadi katika mitaa ya mashariki ya katikati ya jiji. Kwamba hatari hiyo haikuwa ya vitabuni tu, ilidhihirika tena Julai 2013, pale treni iliyobeba takriban abiria 1,400 ilipozingirwa na maji katika bonde la Don na polisi wakalazimika kuwaokoa abiria hao kwa mashua.

Jambo hili linafaa kushikiliwa, kwani ndilo linaloeleza mengi ya yaliyofuata. Bustani ya Toronto haikujengwa kwanza kwa sababu watu wanapenda maua. Ilijengwa kwanza kwa kuwa bila bonde jipya la mto, nyumba zisingeruhusiwa kisheria. Werevu wa wananchi ulikuwa katika kutambua kuwa kinga ya mafuriko na bustani vinaweza kuwa kitu kimoja. Pesa ambazo serikali isingezitoa kamwe kwa ajili ya nyasi na bata ingezitoa kuzuia maafa. Jaribio la awali lilikuwa ni Corktown Common, bustani ya hekta 7.3 kwenye ukingo wa magharibi wa mto Don, iliyokamilika mwaka 2013. Anayetembea juu ya kilima chake huenda asijue kwamba anakanyaga ukuta wa kuzuia mafuriko.

Wananchi hao walikuwa na sababu ya kutoamini ahadi. Mwaka 1972, wakati wa kampeni za uchaguzi, serikali ya Kanada iliwaahidi watu wa Toronto bustani kubwa ya umma katika ufuo wa kati, eneo lililokuja kuitwa Harbourfront. Shirika lililokabidhiwa ardhi hiyo lilitakiwa kujitegemea kifedha, na njia nyepesi ya kujitegemea ilikuwa kuwapa wajenzi viwanja. Kufikia miaka ya 1980, maghorofa yalikuwa yamejipanga mbele ya maji. Watu wa Toronto walikuwa wameahidiwa bustani wakapata kivuli cha majumba ya watu wengine.

Ghadhabu iliyotokana na hayo ndiyo iliyozaa Tume ya Kifalme kuhusu Mustakabali wa Ufuo wa Toronto, iliyoongozwa na aliyekuwa meya, David Crombie, kuanzia mwaka 1988 hadi 1992. Crombie aliichukua kazi hiyo kwa upana kuliko alivyotarajiwa. Badala ya kuulizia maghorofa pekee, alifuata mito hadi inakotoka, akasisitiza kwamba ufuo hauwezi kupona ikiwa mabonde yanayoulisha maji ni machafu.

Wakati huo huo, mwaka 1989, baraza la jiji liliunda kikosi cha raia wa kujitolea kilichoitwa Task Force to Bring Back the Don. Walianza kwa kuokota taka na kupanda miti, wakaendelea hadi kuchora mpango wao wenyewe wa kuurejeshea mto mdomo wake wa asili. Wapo waliowaona kama watu wenye ndoto za mchana. Ni mwaka huo huo, kwa bahati, ambapo jijini Nairobi Profesa Wangari Maathai alikejeliwa bungeni kwa kupinga ghorofa la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru. Historia imewatendea haki wote wawili.

Hatua iliyobadilisha mambo ni ya mwaka 2001. Toronto ilikuwa ikiwania kuandaa Michezo ya Olimpiki ya 2008, heshima iliyoiendea Beijing. Olimpiki ilipotea lakini shirika lililobuniwa pamoja na ndoto hiyo likabaki. Serikali ya Kanada, serikali ya jimbo la Ontario na jiji la Toronto kila moja iliahidi dola milioni 500 za nchi hiyo, zikaunda shirika moja, ambalo leo hii linajulikana kama Waterfront Toronto, kusimamia ustawishaji wa takriban hekta 800 za ufuo. Hakuna serikali kati ya hizo tatu iliyoweza kuamua peke yake. Katika siasa za kawaida huo ungekuwa mkosi wa kukwamisha kila jambo. Hapa uligeuka kuwa kinga, maana mwanasiasa aliyetaka kukata kona aliwakuta wenzake wawili njiani.

Shirika hilo lilijijengea desturi ya kuyajibu maoni ya umma. Mwaka 2005 liliunda jopo la wataalamu wa usanifu linalokagua michoro yote hadharani, yeyote akiruhusiwa kuketi na kusikiliza. Mikutano ya wakazi ilifanywa mara nyingi, tena kabla ya michoro kukamilika, na ripoti zikachapishwa kueleza yaliyosemwa. Tofauti baina ya utaratibu huo na mwingine mwingi ulimwenguni, ukiwemo ule unaojulikana na Mkenya yeyote aliyewahi kuitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ambayo imekwisha kuchapishwa, ni kwamba watu waliulizwa wakati jibu lao lilikuwa bado na uwezo wa kugeuza kitu.

Mwaka 2007 shirika lilitangaza shindano la kimataifa la wabunifu kuhusu mdomo wa mto Don. Mshindi, kampuni ya Marekani ya Michael Van Valkenburgh, hakuchora mfereji ulionyooka. Alichora mto unaojipinda kama nyoka katikati ya Port Lands hadi ziwani, kingo zake zikiwa bustani na vinamasi, na mtaa mpya ukichongeka kando yake kama kisiwa. Lilikuwa wazo la kikosi kile cha raia wa kujitolea, safari hii likiwa na hesabu za wahandisi.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja mwaka 2011. Rob Ford alikuwa ndiye meya, na nduguye, Doug Ford, alikuwa diwani. Doug alijitokeza na mpango wake wa Port Lands: jumba kubwa la maduka, gurudumu kubwa la burudani lenye kuonekana kutoka mbali, na treni ya reli moja ya kuwafikisha wanunuzi. Mpango wa miaka mingi wa mto ungewekwa kando kwa hoja kuwa ulichukua muda mrefu na kugharimu pesa nyingi.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuzi. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu shirika kuundwa, na mdomo wa mto ulikuwa ungali kona ile ile ya zege. Mlipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini akina Ford walikosea hesabu za watu. Waliokuwa wamehudhuria mikutano kwa miaka mingi waliuona mpango ule kuwa mali yao. Kundi la wananchi lililojiita CodeBlueTO likaundwa, simu na barua zikawafurika madiwani, wapangaji wa miji na wasomi wakaandika upinzani wao. Septemba 2011, madiwani walipiga kura kwa kauli moja kuliachia shirika la Waterfront Toronto nafasi ya kuendelea, kwa sharti kuwa litafute njia za kuharakisha kazi. Meya mwenyewe alilazimika kuifuata kura hiyo.

Hapa ndipo faida halisi ya kuwashirikisha watu inapoonekana, na si faida inayoandikwa kwa kawaida katika ripoti. Mikutano ile ya jioni, yenye chai na ramani ukutani, huenda haikubadilisha mstari mmoja mmoja katika michoro. Kilichobadilika ni kwamba mpango ulipata walinzi. Serikali hubadilika kila uchaguzi, lakini watu elfu chache wanaojua kwa undani kwa nini mto unastahili kupinda hawabadiliki.

Mwaka 2017 serikali zote tatu hatimaye zilikubali kutoa takriban dola bilioni 1.25 za Kanada, kiasi kilichoongezeka baadaye. Katapila zikaingia. Zaidi ya mita za ujazo milioni moja za udongo zikachimbuliwa, sehemu yake ikiwa imelowa mafuta, na bonde jipya la urefu wa takriban kilomita moja likapatikana. Mwaka 2021, wafanyakazi waliona mimea ikichipuka katika tope jeusi lililokuwa limefunikwa chini ya ardhi kwa karne nzima. Yalikuwa ni matete ya kinamasi cha Ashbridge's Bay. Mbegu zilizofukiwa na Tume ya Bandari zilikuwa zingali hai, zikisubiri mwanga na maji. Mapema mwaka 2024, mto Don ulianza kupita katika njia yake mpya.

Wakati mto ukichimbwa, vita vingine vilikuwa vikipiganwa ng'ambo ya mfereji, katika kiwanja cha Quayside chenye ukubwa wa karibu hekta tano. Oktoba 2017, mbele ya Waziri Mkuu Justin Trudeau, ilitangazwa kuwa Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, ndiyo ingepanga mtaa huo. Uliahidiwa kuwa mtaa wa kisasa kuliko yote duniani. Majumba yangejengwa kwa mbao, takataka zingesafirishwa chini ya ardhi, na vifaa vya kunasa mienendo ya watu na magari vingewekwa kila mahali.

Maswali yalianza polepole. Habari zitakazonaswa ni mali ya nani? Oktoba 2018 Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa Ontario na ambaye kampuni ilimwajiri kama mshauri, alijiondoa kwa kukosa hakikisho kwamba habari hizo zingeondolewa majina ya watu mara tu zinaponaswa. Februari 2019 gazeti la Toronto Star lilifichua kuwa kampuni ilikusudia kupata sehemu ya kodi za majengo katika eneo kubwa zaidi ya lile lililotengewa. Juni mwaka huo mpango kamili ukatolewa, wenye kurasa zaidi ya 1,500, na ndani yake eneo la hekta tano lilikuwa limefura hadi karibu hekta 77. Waswahili wana kisa cha ngamia aliyeomba kuingiza pua hemani.

Umma ulikuwa umekwisha kujifunza kupigana. Kundi la BlockSidewalk liliundwa, chama cha kutetea haki za kiraia kikaenda mahakamani, na Oktoba 2019 kampuni ikakubali kurudi katika mipaka ya hekta tano. Mei 2020 ikajiondoa kabisa, ikitaja msukosuko wa uchumi ulioletwa na janga la korona. Wadadisi wangali wanabishana iwapo ni korona au wananchi walioifukuza. Lisilobishaniwa ni kuwa mwaka 2022 kiwanja hicho kilipewa wajenzi wengine kwa mpango wa zaidi ya nyumba 4,000, zikiwemo zaidi ya 800 za gharama nafuu, pamoja na msitu mdogo wa umma pale ambapo vile vifaa vya kunasa habari vingesimama.

Mtu akiishia hapo, ataondoka na picha ya jiji ambalo umma hushinda daima. Lakini katika ufuo huo huo, magharibi mwa katikati ya jiji, pana Ontario Place, bustani ya burudani iliyojengwa juu ya visiwa vya kutengenezwa na kufunguliwa mwaka 1971. Mwenye ardhi hiyo ni serikali ya jimbo pekee. Sehemu kubwa yake ilifungwa mwaka 2012, na baada ya hapo watu wa Toronto waliigeuza mahali pa kutembea, kuogelea na kutazama ndege chini ya miti iliyokuwa imekomaa.

Mwaka 2021, serikali ya Ontario ilitangaza kuwa kisiwa cha magharibi kingekodishwa kwa Therme, kampuni ya Ulaya yenye mabwawa ya maji moto ya kulipia. Kiongozi wa serikali hiyo tangu mwaka 2018 ni Doug Ford, diwani yule yule wa gurudumu la mwaka 2011. Mkataba wa kukodisha ni wa miaka 95 na haukuchapishwa hadi Oktoba 2024. Mikutano na wananchi ilifanywa, fomu za maoni zikajazwa, lakini swali la iwapo kisiwa kitakodishwa au la halikuwa miongoni mwa maswali yaliyoulizwa. Watu waliitwa kujadili upana wa njia za miguu.

Wakazi walipoelekea mahakamani, mwishoni mwa mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyouondoa mradi huo katika masharti ya ukaguzi wa mazingira na kupunguza uwezo wa watu kuishtaki serikali kwa ajili yake. Usiku mmoja Oktoba 2024, zaidi ya miti 800 ilikatwa. Desemba mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Ontario alisema kwamba utaratibu uliotumika kuwapata wawekezaji haukuwa wa haki, wala wa uwazi, wala wa kuwajibika, na kuwa gharama kwa umma ilikuwa imepanda kutoka mamia ya mamilioni hadi zaidi ya dola bilioni mbili. Ripoti ikasomwa, magazeti yakaandika, na miti ikabaki chini.

Tofauti baina ya maeneo haya mawili haimo katika ari ya wananchi, kwa kuwa wale wa Ontario Place hawakuwa wazembe. Tofauti ni ya mamlaka. Upande wa mashariki, serikali tatu zilifungana mikono kwa hiari na kukabidhi kazi kwa shirika lenye wajibu wa kujieleza hadharani. Upande wa magharibi, mwenye ardhi, mtoa idhini na mtunga sheria walikuwa mtu mmoja. Huko, umma ulipewa nafasi ya kusema bila kupewa nafasi ya kukataa.

Na hata upande wa mashariki ushindi haujakamilika. Kisiwa kipya, kilichoitwa Villiers kwa miaka mingi, kilibadilishwa jina Novemba 2024 na kuitwa Ookwemin Minising, maana yake ikiwa ni mahali pa miti ya cheri nyeusi katika lugha ya Anishinaabe. Jina la bustani, Biidaasige, humaanisha mwanga wa jua unaotujia. Majina hayo yalichaguliwa na wazee na wawakilishi wa wakazi asilia, ambao madai yao kuhusu ardhi ya Toronto, iliyonunuliwa kwa njia za kutatanisha mwaka 1787 na 1805, yalisuluhishwa tu mwaka 2010 kwa fidia ya dola milioni 145. Ni heshima iliyochelewa. Lakini jina kwenye kibao si sawa na chumba cha kulala, na swali la nani hasa ataishi kwenye kisiwa hicho lingali wazi.

Mpango ulioidhinishwa mwaka 2017 ulikusudia nyumba zisizofika 5,000, katika majengo ambayo mengi yangekuwa ya kimo cha wastani. Kisha kodi za nyumba Toronto zikapanda hadi mwalimu na muuguzi wakashindwa kuishi karibu na kazi zao. Lawama zikaanza kusikika: vipi serikali zitumie zaidi ya dola bilioni moja kuokoa ardhi kutokana na mafuriko, halafu ziijenge kana kwamba ni kijiji? Mpango ukaandikwa upya na idadi ya nyumba ikapandishwa hadi karibu 9,000. Minara ikarefuka.

Hapa wale wale waliolinda mto wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba maghorofa marefu yatairudisha Harbourfront ya miaka ya 1980 kwa jina jipya, na bustani iliyogharimu jasho la vizazi viwili itageuka kuwa uga wa matajiri. Wengine wanajibu kuwa bustani ya umma yenye watu wachache karibu nayo ndiyo huishia kuwa ya matajiri. Hoja ya pili ina uzito zaidi, lakini kwa sharti moja: kwamba nyumba za ziada ziwe za watu wasiomudu bei za soko. Lengo la muda mrefu la Waterfront Toronto limekuwa kwamba angalau nyumba moja katika kila tano iwe ya kodi nafuu. Idadi ya minara ikiongezeka na sehemu hiyo isiongezeke, jiji litakuwa limeuza mandhari ya mto wake kwa rejareja.

Ipo pia kasoro katika mikutano yenyewe ambayo hata watetezi wake hukiri. Anayehudhuria kikao cha saa moja jioni ni mtu mwenye nafasi, mara nyingi mwenye nyumba yake tayari, anayejua lugha ya wapangaji wa mji. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hafiki. Mhamiaji aliyeingia nchini mwaka jana hafiki. Na yule ambaye ataishi katika kisiwa hicho mwaka 2035 hana namna ya kufika, kwa kuwa leo hajui kuwa ataishi pale. Umma unaosikika katika mikutano si umma wote, na mpangaji mwaminifu sharti awatetee wasiokuwapo bila kuwapuuza waliokuja.

Suala la usafiri linaonyesha hali hiyo vizuri. Wakazi wamedai kwa miaka mingi reli nyepesi ya kuunganisha ufuo wa mashariki na katikati ya jiji, na kila mpango umeichora. Reli hiyo bado haijajengwa. Nyumba 9,000 bila reli maana yake ni magari, na magari kwenye kisiwa ni foleni katika madaraja machache. Mwenye gari atavumilia. Atakayeumia ni yule mpangaji wa kodi nafuu ambaye hakuwa mkutanini.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ookwemin Minising ingali mikononi mwa umma, na namna viwanja vitakavyotolewa, kwa kuuzwa au kwa kukodishwa, na kwa masharti gani, ndiyo itakayoamua mengi kuliko mchoro wowote. Mazungumzo ya aina hiyo hufanywa na wanasheria na wahasibu, mbali na macho ya watu, na hayawavuti wananchi kama ramani ya mto unaojipinda. Aidha, ngome yenyewe ina mlango wa nyuma. Waterfront Toronto lilipewa mamlaka yake na sheria ya jimbo la Ontario ya mwaka 2002, na bunge lililoitunga sheria hiyo ndilo lile lile lililopitisha ile ya Ontario Place mwaka 2023.